Binti yangu yuko Milano na ngozi yampasuka, nimtumie nini?

Mamake Rukia (Shela, Malindi)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Binti yangu wa pili yuko Milano tangu Septemba, anatunza wazee. Hii ndiyo baridi yake ya kwanza. Jana kanipigia simu ya video nikamwambia ageuze kamera nione mikono. Imepauka yote, vifundo vya vidole vimechanika hadi kutoa damu. Miundi imetoka magamba, miguuni magaga, na usiku anajikuna hapati usingizi. Hapa nyumbani ngozi yake haikuwa na tatizo. Alikuwa akijipaka mafuta ya nazi tunayopika wenyewe, yakamtosha kusi na kaskazi.

Kinachonishinda ni hiki. Anasema nje kuna ukungu, barabara imelowa, nguo ukianika hazikauki. Sasa ngozi inakaukaje mahali pa majimaji namna hiyo? Wenzake wamemwambia anywe maji mengi, anakunywa, hali ni ile ile.

Jirani yangu anasafiri wiki ijayo na amekubali kubeba kifurushi kidogo. Nimefikiria mafuta ya nazi, liwa, na krimu moja inayosifiwa sana sokoni, ya kopo dogo lisilo na maandishi. Mliokaa huko nisaidieni, nisije nikamtumia kitu kikamzidishia.

Dada wa Barani

Waaleikum salaam mama, na shikamoo. Pole sana. Nimefanya kazi ya usafi wa hoteli huko kabla ya kurudi nyumbani, na mikono yangu ilikuwa vivyo hivyo.

Mwambie asiutazame ukungu, atazame termosifoni, yale machuma ya moto yaliyo chini ya dirisha. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi. Nje ikiwa nyuzi 0, hata ukungu uwe mzito vipi, mvuke uliomo kwenye mita moja ya ujazo ya hewa haufiki gramu 5. Hapa kwetu, siku ya nyuzi 28, ni kama gramu 20. Hewa ile kavu inaingia ndani, inapashwa moto mpaka nyuzi 20, na ikishapata joto inaanza kunyonya maji popote inapoyakuta: kwenye mbao, puani, kwenye ngozi ya mtu. Nguo anazoshindwa kukausha nje, azitundike chumbani aone zitakavyokauka. Tena hilo litamsaidia, maana maji ya nguo yanarudi hewani, bora afungue dirisha kidogo kila asubuhi ukuta usiote ukungu. Milano moto huo kwa kawaida huwashwa 15 Oktoba na kuzimwa 15 Aprili, kwa hiyo ajipange kwa miezi.

Jambo kubwa kuliko yote ni kuoga. Mtu akitoka kazini mwili umekufa ganzi, anatamani maji yanayofuka mvuke, asimame chini yake nusu saa. Maji hayo ndiyo yanayoondoa mafuta yote ambayo ngozi imejitengenezea. Aoge maji ya uvuguvugu, atoke mapema. Sabuni aitumie kwapani, sehemu za siri na miguuni, mikono na miundi ioshwe kwa maji tu. Dodoki aliweke kando kabisa mpaka apone. Akitoka asijisugue kwa taulo, ajipanguse kidogo tu, halafu apake mafuta hapo hapo ngozi ikiwa bado mbichi. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Akisubiri akakauka kwanza, hana anachokifungia. Kunywa maji ni kuzuri kwa mwili, lakini hakuzibi ngozi iliyochanika.

Na midomo asiilambe, kila akilamba inazidi kukauka.

Muuza Dawa, Maweni

Mama, naomba niongeze machache, niko duka la dawa hapa mjini.

Hiyo krimu ya kopo lisilo na maandishi usiitume, nakusihi. Nyingi za aina hiyo ni mkorogo. Zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi itamtuliza mwasho siku chache, ndiyo maana zinasifiwa, kisha ngozi inakuwa nyembamba na akiacha tatizo linarudi kwa nguvu. Ngozi iliyopasuka inanyonya zaidi, kwa hiyo madhara yanazidi. Liwa nayo isubiri. Ikikauka usoni inavuta, na yeye sasa hahitaji cha kumkausha.

Vitu vizuri ni vya bei nafuu: mafuta mazito ya Vaseline au Arimis, na krimu yenye glisarini isiyo na manukato. Kwa magaga kuna krimu ya urea, lakini kama nyufa ziko wazi itamchoma sana. Kwanza apake Vaseline nyingi usiku na kuvaa soksi za pamba mpaka zifunge. Mikono vile vile, kwa glavu za pamba. Kazi ya wazee ina kunawa kusikoisha, basi awe na krimu mfukoni, kila akinawa apake.

Kukitoka majimaji, usaha au uvimbe wenye joto, aende kwa daktari, asingoje. Akifika aeleze kwamba kwenye ngozi nyeusi pumu ya ngozi mara nyingi haionekani nyekundu, huonekana kama kijivu au weusi uliozidi. Nimeona watu wakiambiwa hawana kitu kwa sababu ya hilo.

Mamake Rukia

Allah awalipe. Krimu nimeiacha. Na udhu je? Ananiambia Desemba hii adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Ni maji juu ya maji.

Dada wa Barani

Kweli mama, jua linazama saa kumi na dakika arobaini hivi, udhu zinafuatana. Kama udhu bado anao, auhifadhi, halazimiki kuurudia kila sala. Akitia, maji yawe ya uvuguvugu, ajikaushe vizuri katikati ya vidole, kisha apake. Vaseline nzito aifute kabla ya udhu unaofuata ili maji yafike kwenye ngozi. Kwa hukumu yenyewe amuulize mwenye elimu.

Mafuta ya nazi mtumie, ni mazuri kwa mwili kabla ya Vaseline. Lakini yatie kwenye chupa ya mdomo mpana, ya plastiki. Yanaganda yakishuka chini ya nyuzi 24, na chumba chake hakifiki hapo. Awe anachota kwa kijiko na kuyayeyusha kiganjani.