Nimeshindwa dau la uchaguzi: nibebe polo au nikatae?

Mwana wa Tibirinzi:
Assalaam alaykum wana baraza. Juzi timu yetu ya mtaa ilichagua mwenyekiti. Mie nilikuwa upande wa mtoto wa ami yangu, na kwa kujitia kujua nikaapa mbele ya watu na vikombe vyao vya kahawa: akishindwa, nitabeba polo, yaani gunia, la makonyo (vikonyo vya karafuu) mgongoni toka Tibirinzi mpaka sokoni Chake Chake, huku kwetu Pemba, mchana kweupe, vijana nyuma wakinipigia madebe.

Kapata kura saba. Saba! Na ndugu zake wa tumbo moja pekee ni wanane.

Mjomba ananambia nisione haya, ati Wamarekani wakifanya hayo zamani, tena watu wazima na heshima zao. Kweli, au ananivika kilemba cha ukoka nibebe?

Mzee wa Kahawa:
Beba, mwanangu. Mjomba wako kasema kweli. Mwaka 1864 mji wa Austin kule Nevada, mji mdogo wa machimbo ya madini ya fedha, walichagua meya. Reuel Gridley, mwenye duka, alikuwa Mdemokrati. Mwenzake, Daktari Herrick, upande wa pili. Wakapatana: ambaye mgombea wa chama chake atashindwa, atapita mjini na gunia la unga la ratili 50, bendi ikimpigia wimbo wa mahasimu wake. Kashindwa Gridley. Akalitoa gunia dukani mwake, likapambwa kwa bendera na utepe, akalibeba zaidi ya maili moja na mji mzima nyuma.

Sasa sikiliza utamu. Walipofika, likaja wazo gunia linadiwe, pesa ziende kwa majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Aliyenunua akalipa, kisha akalirudisha linadiwe tena. Na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Gridley akashika njia nalo, Virginia City, San Francisco, mpaka mashariki ya nchi, ananadi gunia lile lile! Kwa hesabu ya chini kabisa zilipatikana dola zaidi ya 100,000. Mwenyewe alikufa 1870, hana kitu. Stockton, California, wamemsimamishia sanamu na gunia lake.

Wako na waliosukuma njugu kwa pua, na walioapa kutonyoa ndevu mpaka chama chao kishinde. Lakini mie namheshimu Ben Perley Poore, mwandishi wa magazeti wa Massachusetts. Mwaka 1856 mgombea urais wake, Fillmore, kaangushwa na Frémont katika jimbo lile. Poore akalisukuma pipa la matufaha kwa kigari cha gurudumu moja mpaka Boston, maili zaidi ya 30, kama toka Wete hadi Mkoani. Aliyewekeana naye dau alikuwa tayari kumsamehe. Kakataa.

Na sie wa Chake tusicheke kura za mtu. Uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, jimbo letu lilipatikana kwa tofauti ya kura moja.

Bint Wete:
Mzee, hadithi tamu, lakini mwenzetu kasema *kaapa*. Yakhe, kama ulitaja jina la Mungu, muone shehe. Kuvunja kiapo kuna kafara, kulisha maskini kumi. Piga hesabu ya mchele wa leo, utaliona polo jepesi.

Mwana wa Tibirinzi:
Nimebeba. Makonyo mepesi, kweli, lakini yanachoma shingo, na kile kilima cha Chake hakina huruma. Watoto walinifuata kama maulidi.

Kufika sokoni nikamwiga Gridley, nikanadi. Mjomba, yule yule, akatoa shilingi elfu mbili. Nikamngoja alirudishe linadiwe tena. Akalitia begani, akaenda zake, ati atafukizia mbu.

Polo nililiazima kwa mama mkwe. Ananiuliza tangu asubuhi.