Tupeane uzoefu: siku moja kwenye mashamba ya mizabibu

Kikundi chetu cha akiba hapa Kongowea kimekubaliana kuwa safari hii pesa ya matembezi isiishie Diani. Kuna wanaotaka Dodoma, kuna wanaoota Stellenbosch, Afrika Kusini. Mimi zabibu naijua ya kununua Marikiti tu. Mliofika, tuambieni: siku moja yatosha? Na asiyekunywa mvinyo atakwenda kufanya nini?

*Baharia wa Tudor:*
Mimi Stellenbosch nilifika meli ilipokuwa matengenezoni Cape Town. Ni kama kilomita 50, mwendo wa saa moja hivi. Ilikuwa Februari, msimu wa mavuno, na jua la kule Februari si mchezo. Usidhani kusini kote ni baridi. Tulipofika saa nne asubuhi wavunaji walikuwa wameshamaliza vipande vyao, maana wengi huanza usiku au alfajiri. Zabibu ikikatwa na joto lake inaanza kuchacha kabla haijafika kiwandani, na harufu inapotea.

Kuonja kwenyewe: wanakumiminia kidogo tu, cha kufunika kitako cha glasi. Pembeni kuna ndoo ya kutemea. Sasa sisi tumelelewa kwamba ukikaribishwa kitu hukitemi mbele ya mwenye nyumba, kwa hiyo tulimeza vyote. Kufika shamba la tatu, mvinyo wote una ladha moja na mwenzetu mmoja anamwita mhudumu shemeji. Mawili yatosha, jamani. Kuleni kwanza, kunyweni maji, na dereva awe wa kukodi. Ulizeni pinotage, hiyo ni zabibu ya mbegu yao wenyewe. Profesa Perold aliizalisha mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu za pinot noir na cinsaut.

*Mama Zuhura, Kisauni:*
Mwanzilishi, hilo la asiyekunywa nitakujibu mimi, kwa kuwa sinywi na nilikwenda na wenzangu wa kazini. Tulichagua Franschhoek, jirani na Stellenbosch, kwa sababu kuna tramu inayozungusha watu mashambani; unashuka unapotaka, unapanda inayofuata. Wao wakionja, mimi nazunguka ghalani penye mapipa. Kule ndani ni baridi, raha tupu ukitoka juani. Juisi ya zabibu nilipata, ila uliza kabla ya kuketi, si kila shamba wanayo. Milima imeuzunguka mji pande tatu, na historia yake inaanzia kwa Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, waliofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688. Chakula nilingoja jioni tuliporudi, nikala Bo-Kaap, mtaa wa Cape Town, kwa Waislamu wenzangu.

Kilichonichosha ni wanaume wa kikundi. Ratiba ilikuwa yao, si yetu. Pangeni mapema nani ana sauti ya kusema "twendeni".

*Dereva wa Lunga Lunga:*
Dodoma ni habari nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye la kujifunza. Kutoka Mombasa unapita Horohoro na Tanga hadi Dar, kisha treni ya umeme. Hilo la siku moja mlihesabu mkiwa mmeshalala Dodoma.

Msitarajie meza za vitambaa vyeupe. Mashamba mengi ni ya wakulima wadogo. Mzee mmoja upande wa Hombolo alitukalisha juu ya kreti zilizopinduliwa, akatuonyesha tawi alilolikata siku hiyo: linatoa maji, tone baada ya tone, kama linalia. Kule hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi. Akipogoa, unachipua, na baada ya miezi kadhaa anavuna. Ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti na Septemba. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000, mchana jua kavu na usiku kunapoa.

Kilio chake kilikuwa soko. Zabibu zikiiva kwa wakati mmoja na matangi ya wanunuzi yamejaa, bei anaipanga mwenye tangi, na tunda halingoji. Nilinunua chupa ya nyekundu ya Makutupora. Kali kidogo, lakini kwa samaki wa kupaka? Acha.

*Kijana wa Rabai:*
Mnavuka mpaka na hapa Mazeras mnapaacha! Njooni asubuhi mumwone mgema akishuka mnazi na kibuyu cha tembo. Anapanda asubuhi na jioni, anachonga karara kwa kisu, utomvu unadondoka, hakuna anachotia. Asubuhi tembo tamu, jioni limekaza, kesho ni siki. Hakuna pipa wala ghala.

*Mwanzilishi:*
Ahsanteni. Tunaegemea Dodoma, Agosti. Dereva, kiwandani huingia tu au ni kupanga kabla?

*Dereva wa Lunga Lunga:*
Pangeni kabla. Na pasipoti zianze sasa, msingoje Julai.