Kutoa baadhi tu ya nywila kwenye KeePassXC kwa ajili ya makabidhiano

Mhasibu wa Ushirika, Sikonge (Tabora)
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatunza hesabu za chama cha wakulima wa tumbaku, na msimu ukiisha nitamkabidhi ofisi mwenzangu. Nywila za chama, yaani za barua pepe, mfumo wa kodi na benki, zimo katika KeePassXC, programu ya kutunzia nywila, faili moja na zangu binafsi. Nikitoa kwa CSV, yaani faili la maandishi ya kawaida, inatoka orodha nzima. Je, naweza kutoa za chama peke yake?

Fundi wa Ujiji
Ndugu mhasibu, CSV iepuke kabisa, kwa sababu kila nywila huandikwa humo waziwazi, na ukishaiweka kwenye flashi, kuifuta hakuhakikishi kwamba imetoweka. Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2019 KeePassXC ina KeeShare, sehemu ya kushiriki kundi moja tu la nywila. Ingia kwenye mipangilio, uruhusu KeeShare kutoa, kisha unda kundi jipya na uhamishie humo nywila za chama tu. Hariri kundi hilo, fungua sehemu ya KeeShare, chagua kutoa, taja faili yenye mwisho wa .kdbx (faili la KeePassXC lililofungwa kwa nywila) na uipe nywila yake, tofauti kabisa na nywila kuu yako, ile inayofungua faili lako lote. Nywila hiyo mwambie mwenzako ana kwa ana, isisafiri pamoja na flashi. Makabidhiano yakiisha uzime KeeShare kwenye kundi hilo, kwani kila unapohifadhi faili kuu, ile iliyotolewa nayo huandikwa upya.

Mwalimu wa Tehama, Kigoma
Naunga mkono. Wapo wanaonakili faili nzima na kufuta visivyohitajika. Njia hiyo inafaa pia, ila vilivyofutwa hubaki kwenye kapu la taka ndani ya faili hadi ulisafishe, na nakala huendelea kufunguka kwa nywila kuu yako mpaka uibadilishe. Hapo ndipo siri za mtu huvuja.

Mhasibu wa Ushirika, Sikonge (Tabora)
Nashukuruni sana. Na za benki nizitoe kwa njia hiyohiyo?

Fundi wa Ujiji
Hapana, mkuu. Za benki usizitoe hata kidogo: viongozi wa chama waiandikie benki, akaunti yako ya mtumiaji ifungwe na mwenzako afunguliwe yake, ili kila muamala uonyeshe aliyeufanya. Zile nyingine azibadilishe zote siku hiyohiyo ya kupokea, ukiwa bado umekaa naye, maana barua pepe ya chama huenda ikatuma namba ya uthibitisho kwenye simu yako.