Tupeane uzoefu: ultramarathoni yako ya kwanza ilikubana wapi, na ulitokaje?

Mwendo Pole (mwanzisha uzi)

Wadau wa mbio, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya jambo moja tu: ultramarathoni ya kwanza. Rekodi na aina za viatu tuziache kwa leo. Nataka tusimuliane yaliyokupata baada ya ile kilomita ya 42, pale ambapo mkimbiaji wa marathoni anavishwa medali na wewe bado una safari. Nilipokuwa najiandaa na yangu nilipata ratiba za mazoezi za kila aina. Mtu wa kuniambia "hapa ndipo utakapolia, na sababu ni hii" sikumpata.

Kwa mgeni: ultra ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195. Nyingi ni za kilomita 50, 80, 100 au 161, yaani maili 100. Zipo pia zenye urefu wake zenyewe, kama Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanza mwaka 1921 kuwakumbuka askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Zinakaribia kilomita 90 na ukomo wa muda wa kumaliza ni saa 12.

Yangu ilikuwa kilomita 50 za njia ya milimani. Nilijiandaa miezi sita, na siku iliyonijenga kuliko zote ni Jumapili. Jumamosi nilikimbia kilomita 28, Jumapili nikaamka na miguu ileile iliyochoka nikaiongezea 16. Kuzikimbia zote kwa mkupuo mmoja kila wiki kungeniumiza. Ukizigawa siku mbili, mwili unauonja uchovu wa mwishoni mwa mbio na bado Jumatatu unakwenda kazini.

Nilikokosea ni kwenye mteremko. Mazoezi yangu ya kilima yote yalikuwa ya kupanda. Kushuka nilikuona ni kupumzika. Kumbe ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki. Inajikaza huku inavutwa, na kazi hiyo inaichanachana kuliko kupanda kokote. Kilomita ya 34 pumzi ilikuwepo, njaa sina, kiu sina, lakini mapaja yalikuwa yamekataa. Mteremko wa mwisho niliushuka kinyumenyume nikishikilia miti. Nilimaliza kwa saa 8 na dakika 11, na kwa siku nne baada ya hapo ngazi za nyumbani nilizishuka ubavu ubavu.

Maandalizi yaliyofuata nilitafuta mteremko mrefu kila baada ya wiki mbili, nikaushuka kwa mwendo wa wastani tu. Mapaja yana kumbukumbu: yakishatikiswa mara moja, kwa wiki kadhaa yanastahimili. Laiti ningeambiwa mapema.

Karibuni.

Alfajiri

Asante kwa uzi, dada. Mimi ni mama wa watoto wawili na nina kazi ya kutwa, kwa hiyo mazoezi yangu yote ni saa kumi alfajiri. Wiki yangu kubwa kabisa ilikuwa kilomita 75, na kwa hizo nikakimbia 80. Nasema hili kwa sababu kuna kina mama wanaosoma ratiba za kilomita 120 kwa wiki na kukata tamaa kabla ya kuanza.

Ukomo wetu ulikuwa saa 14, na kila kituo cha maji na chakula njiani kilikuwa na muda wake wa kufungwa. Kituo cha kilomita 52 nilikiingia zikiwa zimebaki dakika 9. Nilishangaa, maana sikuwa mzito njiani. Nikaanza kukumbuka vituo nilivyopita: hapa nilikaa nikabadili soksi, pale nikazungumza, pale nikasimama tu nikiangalia meza nisijue nataka nini. Vituo vinane, dakika sita sita. Hizo ni dakika 48 zilizokwenda nikiwa nimesimama!

Kuanzia hapo, kila nilipokiona kituo kwa mbali nilitamka kwa sauti mambo matatu: jaza maji, chukua viazi, ondoka. Viazi nilivila nikitembea. Nilivuka mstari kwa saa 13 na dakika 51. Hapo Comrades, saa 12 zikitimia, anayefyatua bunduki huwa amewapa mgongo wakimbiaji wanaokuja, asimwone anayekosa kwa hatua chache. Nikiisikia habari hiyo machozi hunilengalenga, kwa sababu najua hatua hizo chache zimepotelea wapi.

Nyayo

Yangu haina medali. Kilomita 100, nilijitoa kwenye 62.

Miguu ilikuwa mizima, tumbo ndilo lililonitoa. Kwa miezi mitano nilikuwa nakimbia asubuhi bila kula, hata safari ndefu za saa nne, nikiamini nauzoesha mwili kuchoma mafuta. Labda uliyachoma. Lakini wanga tunaouhifadhi kwenye misuli na ini ni kama kalori 2,000 hivi, na kwa wengi wetu unaisha kabla hata ya marathoni moja kuisha. Mbele ya hapo lazima ule unakimbia, tena kila saa, na utumbo wangu haukuwahi kufundishwa hilo. Ukiwa mbioni damu nyingi inakwenda kwenye misuli na kwenye ngozi ili kuupoza mwili, tumbo linabaki na kidogo. Siku hiyo nikalirundikia jeli nne (vile vipakiti vya wanga mzito wa kumeza mbioni) ndani ya saa moja kwa sababu nilisoma kwamba wakimbiaji wakubwa wanafikisha gramu 90 za wanga kwa saa.

Kilomita ya 48 nikaanza kutapika. Kilomita ya 55 hata maji hayakai. Nikafika kwenye 62, nikakaa kwenye kiti, nikafunikwa blanketi. Dakika ishirini baadaye nilikuwa natetemeka na magoti hayakunji. Mtu wa huduma ya kwanza aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikampa namba yangu ya kifuani. Kile kitendo cha kuifungua ile namba kwa mikono yangu kilinikaa moyoni miezi mingi.

Nilirudi baada ya mwaka. Safari hii nililifundisha tumbo kama nilivyoifundisha miguu: gramu 30 za wanga kwa saa kwenye kila mbio ndefu, kila baada ya wiki mbili nikaongeza kidogo, mpaka 60 zikakaa bila kichefuchefu. Na nilipohisi tumbo linachafuka, nilipunguza mwendo kwanza, nikatembea dakika kumi, ndipo nikala. Saa 15 na dakika 20. Iwapo hujaanza maandalizi, ndugu yangu, anzia hapo.

Kifaranga

Nimesoma mpaka hapa moyo unadunda. Nimeshamaliza marathoni mbili, nimejiandikisha kilomita 50, zimebaki wiki kumi na moja. Swali langu huenda ni la kitoto: kutembea kunaruhusiwa? Yaani nikitembea vilima bado nahesabiwa nimekimbia?

Mzee wa Kilima

Kijana, swali lako si la kitoto hata kidogo. Nina miaka 61, ultra ya kwanza niliimaliza nikiwa na 54, na nilitembea karibu kila kilima. Walionipita wakikimbia kwenye vilima vya mwanzo, wengi nilikutana nao tena kilomita ya 40, wameinama wameshika magoti.

Kwenye kilima kikali tofauti ya kasi kati ya anayekimbia na anayetembea kwa nguvu ni ndogo sana, ila gharama ya kukimbia kwa moyo na misuli ni kubwa. Tembea, lakini kutembea nako kufanyie mazoezi. Mimi kila Jumatano natembea saa nzima kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, mikono inasukuma magoti kwenye kilima. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki pia: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kunyanyuka kwa vidole. Umri wangu hauniruhusu kuyaacha, na nadhani hata wako.

Kwenye njia tambarare tembea kabla hujalazimika. Nilikimbia dakika 25, nikatembea 5, tangu kilomita ya kwanza, hata pale ambapo kila mtu alinipita na nilitamani kuwafuata. Hilo la kujizuia saa mbili za mwanzo ndilo lililonigharimu nidhamu kuliko yote.

Nikupe na kisa. Mwaka 1974, huko California, Gordy Ainsleigh aliingia kwa miguu kwenye mashindano ya farasi ya maili 100. Mwaka uliotangulia farasi wake alichechemea. Farasi walipewa saa 24 kumaliza njia ile. Yeye akafika kwa saa 23 na dakika 42. Hapo ndipo zilipochipukia mbio za miguu za maili 100 za Western States. Nikiwa peke yangu kwenye kilima namkumbuka sana.

Kifaranga

Shikamoo mzee wangu, na asante. Nimeandika yote kwenye daftari.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, naomba mnisikilize kwa makini. Ultra yangu ya kwanza ilikuwa kilomita 60, siku ya joto. Nilikuwa naogopa kuishiwa maji kuliko kitu chochote, kwa hiyo nikajiwekea sharti: kila kituo nusu lita, niwe na kiu nisiwe nayo, na njiani nanywa tena. Kilomita ya 45 pete ikaanza kunibana. Vidole vimevimba kama vya mtu mwingine. Kichwa kinauma, kichefuchefu, na nikasahau nimevipita vituo vingapi. Nikajiambia huu ni upungufu wa maji, nikanywa zaidi!

Daktari wa mbio alinipima uzito: nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu kuliko asubuhi. Mtu aliyekimbia saa saba kwenye joto anatakiwa awe amepungua kidogo. Maji yalikuwa yameizimua sodiamu kwenye damu yangu, na hali hiyo ikizidi, ubongo unavimba na mtu anaweza kupoteza maisha. Vidonge vya chumvi havikulindi kama unaendelea kunywa kupita kiasi. Kunywa ukisikia kiu. Nilisomea kazi hii, na bado woga ulinishinda.

Na jingine: dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni ziacheni nyumbani. Figo tayari zinafanya kazi ngumu, na dawa hizo zinapunguza damu inayoingia humo. Ukiona mkojo umekuwa wa kahawia iliyoiva baada ya mbio, usiseme utalala uone kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mbeba Begi

Sikukimbia, ila naomba nafasi. Mume wangu alikimbia kilomita 161 na mimi ndiye niliyemsubiri vituoni na begi: taa ya kichwani ya akiba, betri, soksi, fulana kavu, mafuta ya kujipaka mapajani na makwapani yasichubuke.

Wiki moja kabla alinipa karatasi aliyoiandika mwenyewe: "Nikisema najitoa, usikubali mpaka nimekula, nimevaa kikavu, na zimepita dakika kumi na tano. Nikiwa nimeumia kweli, au sijui niko wapi, nitoe hata nikikataa." Nilidhani anatia chumvi.

Saa tisa usiku, kilomita ya 118, alikuja akiniambia ameona mbwa wamelala njiani. Yalikuwa mawe. Akasema, "Mama watoto, imetosha." Nilimuuliza jina lake, tarehe, na kituo kinachofuata. Akajibu vyote sawasawa. Basi nikamvisha fulana kavu, nikampa supu ya moto, nikatazama saa. Dakika kumi na tano zile zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwake. Alikuwa analia na mimi namshika mkono tu, sina neno. Kisha akafumba macho akalala dakika nane akiwa amekaa. Nikamwamsha. Akasimama, akaulizia taa yake.

Alimaliza mchana wa siku ya pili. Karatasi ile ipo kabatini kwangu. Anayekwenda kumsubiri mtu usiku, muandikiane yenu mapema, kabla kichwa hakijachoka.

Alfajiri

Dada Mbeba Begi, umeniliza kazini. Naongeza la miguu kwa haraka: kucha kateni siku nne au tano kabla, viatu viwe vikubwa kwa nusu saizi maana mguu unavimba, na mkihisi joto la kuungua sehemu moja kwenye unyayo simameni muda huohuo mbandike plasta. Mimi nilisubiri kituo kijacho, kilomita sita mbele. Lengelenge lilikuwa limeshapasuka.

Kifaranga

Narudi na ripoti. Juzi kilomita 24, jana 14 juu ya miguu iliyochoka. Vilima vyote nilitembea, kama mzee alivyoagiza, na mteremko mmoja mrefu nilishuka polepole mara tatu. Nilikula viazi vya chumvi kila dakika thelathini. Saa ya kwanza tumbo lilinguruma, halafu likatulia. Nilikunywa nilipoona kiu tu, na nilijikagua vidole kila baada ya muda, dada muuguzi.

Leo mapaja yanauma lakini ngazi nashuka nikitazama mbele. Zimebaki wiki kumi. Karatasi nimeshaiandika, kaka yangu ndiye atakayeishika.

Nitakuja hapa jioni ya siku ile, nikiwa na medali au sina.