Shingo za kuku mbichi kwa mbwa: wauzaji wa Mombasa, acheni kutudanganya!

Jamani, nina hasira na sitaificha. Leo ni siku ya kumi na mbili Bosko wangu hasimami. Mbwa aliyekuwa akisikia geti tu ashafika, sasa nampitishia shuka chini ya tumbo nimnyanyue akakojoe.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikinunua shingo na vichwa vya kuku kwa jamaa anayezungusha kwa pikipiki huku Mikindani. Zimo kwenye makopo, zimeganda kama mawe. Maneno yake matamu: mbwa ni mwindaji, tumbo lake limeumbiwa kibichi, na friza imeshaua vidudu vyote. Habari ya vidudu nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili akanihakikishia hivyo hivyo.

Friza haiui! Salmonela, kidudu cha kuharisha, inakaa tu kwenye barafu ikingoja iyeyuke. Kampilobakta, kidudu kingine cha kuku mbichi, hupungua, lakini haimaliziki. Halafu hili joto letu: kopo ukiliacha kwenye sinki saa moja asubuhi, ikifika saa nne limejaa maji mekundu, na maji hayo yanachuruzika hapo hapo unapooshea sukuma wiki. Kwangu yalikuwa yakichuruzika kila siku.

Bosko alianza kwa sauti. Asubuhi moja alibweka, ikatoka kama kikohozi cha mtu aliyekaukiwa koo. Jioni miguu ya nyuma ikawa inamkunjikia kwenye ngazi, kesho yake na ya mbele ikalegea. Kilichobaki ni mkia. Nikiingia anaupigapiga sakafuni, na huku mwili wote umelala kama gunia. Nimelia, sioni haya kusema.

Daktari wa mifugo, kabla hata hajamgusa, aliuliza: "Anakula kuku mbichi?" Akanieleza kwamba kinga ya mwili ikishapambana na kampilobakta yaweza kugeuka ikashambulia mishipa ya fahamu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, waliwalinganisha mbwa waliopooza namna hii na wasiopooza. Kwa waliopooza, uwezekano wa kukutwa na kampilobakta ulikuwa zaidi ya mara tisa, na kuku mbichi, hasa shingo, ndiye aliyeshukiwa. Daktari alikuwa muungwana, akasema hawezi kuapa kwamba ni shingo zile zilizomfanya Bosko hivi. Mbwa wengi huinuka tena, lakini ni baada ya wiki hata miezi, na ulegevu ukipanda hadi misuli ya kifua, mbwa hawezi kupumua. Kwa hiyo usiku naamka kila baada ya saa nne kumgeuza ubavu asitoke vidonda.

Nikampigia muuzaji. Unajua alivyonijibu? "Mbona mbwa wa wateja wengine wako sawa?"

Wako sawa kwa macho yako! Mbwa anaweza kubeba salmonela bila kuumwa hata siku moja, na akaitoa kwenye mavi. Nina binti wa miaka miwili. Bosko alikuwa akimaliza kula anakwenda kumlamba mashavu. Watoto wadogo, wazee na wajawazito ndio wanaoumia zaidi na vidudu hivi, na hakuna aliyenitajia hilo wakati napokea kopo na kutoa pesa.

Na msiniambie nizichemshe na mifupa yake. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali vikamchana utumbo. Chemsha nyama iive hasa, toa mifupa, changanya na ugali. Mama yangu pale Changamwe amefuga mbwa miaka mingi kwa ugali na omena ya kuchemsha, wala hakuhitaji makopo ya mtu.

Wewe muuzaji, najua unasoma hapa. Acha kuwaambia watu friza imeua vidudu. Na kama kuna mwingine ambaye mbwa wake alipoteza sauti au miguu ghafla, awe Kisauni, Bamburi, Likoni au popote, aandike hapa alikuwa akimlisha nini na alikinunua vipi.