Mpwa wangu bondia yupo 6-0 (kashinda 6, hajapoteza), promota wa Dar anamtaka baada ya siku 12. Nikubali?

Mjomba_Chikongola
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo maana usiku wa pili huu sijalala vizuri. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka 22, anacheza ngumi za kulipwa huku kwetu Mtwara. Mimi ndo nimesimama kama meneja wake, leseni nimelipia mimi, glovu, nauli, kupima afya, yote hela ya korosho. Mpaka sasa kapigana mara 6 na zote kashinda, 4 kwa KO (kumzima mtu kabla raundi hazijaisha). Kapigania hapa mjini mara tatu, Masasi mbili na Lindi moja.

Sasa juzi kapiga simu promota mmoja wa Dar, anasema mpinzani wa bondia wake kajitoa, kaumia mkono mazoezini, kwa hiyo anamtaka dogo azibe nafasi. Pambano baada ya siku 12. Raundi 8. Uzito kilo 63.5. Hela laki nane, laki mbili anatuma leo leo nikisema ndiyo, na nauli ya watu wawili. Huyo bondia wake nimemwangalia BoxRec, ile tovuti ya rekodi za mabondia, ana mapambano 19, kashinda 14, kapoteza 4, sare moja.

Kinachonitia shaka ni kwamba dogo uzito wake 59, akishiba sana 61. Na hajawahi kuvuka raundi 4. Halafu nikisema ukweli wangu, hao aliowapiga wawili ilikuwa ndo mara yao ya kwanza kupanda ulingoni, na mmoja kapigana nae mara mbili maana hakukuwa na mwingine wa uzito ule. Dogo mwenyewe anataka, ananiambia mjomba tukikataa hawatupigii tena. Dada yangu nae ananiangalia mimi tu, huku kwetu mnajua mjomba ndo mwenye neno. Walioshika hii kazi nisaidieni, mpinzani wa bondia anayechipukia anachaguliwaje hasa? Na hili nilikubali au niliache?

KonaNyekundu_Lindi
Mjomba liache, kwa masharti hayo liache kabisa. Nimecheza ngumi miaka tisa, sasa hivi nafundisha vijana jioni hapa Lindi. Nilikuwa 5-0 na mimi nikapigiwa simu kama hiyo hiyo, maneno yale yale, mtu kajitoa, njoo uzibe. Nikapanda basi alfajiri nikashuka Mbagala miguu imevimba, kesho yake mizani. Mwenzangu kanizidi kilo tatu na nusu. Nikasema mbona tulikubaliana uzito mmoja, nikaambiwa mabango yashabandikwa, saini. Nikasaini. Raundi ya tatu nikajikuta naangalia taa za ukumbi na kocha ananiuliza jina langu nani. Hela nusu nilipata, nusu mpaka leo.

Ila kilichonimaliza sio ile KO. Wiki ya tano nikapigiwa tena, kuziba tena, nikaenda tena, maana nishakuwa yule mtu wa kupigiwa mtu akijitoa. Promota anakuwa na orodha mbili kichwani mwake, wa kulelewa na wa kuziba, na ukishaingia ile ya pili kutoka ni kazi kubwa sana, hata ukishinda wanasema umebahatisha. Dogo wako hajaingia orodha yoyote bado. Usimwingize kwa laki nane.

Na angalia hesabu yenyewe. Raundi 4 ni dakika 12 za kupigana. Raundi 8 ni 24. Huwezi kujenga pumzi ya dakika 12 za ziada ndani ya siku 12, tena siku za mwisho mtu hafanyi mazoezi mazito, kwa hiyo unabaki na wiki moja tu.

Masasi_Fighter
Mi nawaheshimu wakubwa ila natofautiana. Mkae mkijua huku kusini tunafia hapa hapa kwa woga. Mwakinyo 2018 alienda Birmingham hakuna aliyemjua, akampiga Sam Eggington nyumbani kwake raundi ya pili, na yule Eggington alishakuwa bingwa wa Ulaya. Angekaa Tanga anasubiri mpinzani wa saizi yake angekuwa wapi leo? Na Lomachenko, yule wa Ukraine, pambano lake la pili tu la kulipwa kapigania ubingwa wa dunia. Dogo ana KO 4, ana mkono, aende. Mkono mzito haujali rekodi.

Mimi mwenyewe nipo 3-1 na sijapata pambano miezi minane. Minane mkuu. Mnajua mtu anavyooza akikaa?

MpendaMasumbwi
Masasi_Fighter kwenye kukaa bila pambano uko sahihi kabisa, hilo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, nitalirudia. Ila mifano yako ukiitazama kwa ndani inamsaidia mjomba kukataa.

Mwakinyo hakuwa mgeni wa ngumi siku ile, alikuwa na mapambano zaidi ya kumi na alishaonja kupoteza. Na alipigana na mtu wa uzito wake. Lomachenko kabla hajalipwa senti alishachukua dhahabu ya Olimpiki mbili, 2008 na 2012, na mapambano ya ridhaa karibu 400, yaani alipokuwa "pambano la pili" alikuwa mzee wa kazi. Na bado bingwa aliyekutana nae, Salido, alimpiga kwa pointi, Machi 2014, tena Salido alikuja kazidi uzito mpaka akavuliwa mkanda kwenye mizani kabla hawajapigana. Sasa kama uzito ulimsumbua Lomachenko, huyu wa Chikongola asiyepita ridhaa itakuwaje? Kutoka kilo 59 kwenda 63.5 ni kuruka madaraja mawili.

Swali la mjomba la mpinzani anachaguliwaje. Wenzetu kuna mtu kazi yake ni hiyo tu, kupanga nani apigane na nani, na kwa bondia anayelelewa anajiuliza swali moja, pambano hili litamfundisha nini ambacho hajui. Tyson mapambano 19 ya mwanzo yote yaliisha kwa KO, watu wakafurahi, wa 20 mwezi Mei 1986 wakampa James Tillis, mzoefu, anatembea, hakai mbele ya ngumi, wakaenda raundi zote 10. Tyson alishinda kwa pointi na ndipo wakajua kijana ana pumzi. Novemba mwaka huo huo akawa bingwa. Mayweather nae alianza Oktoba 1996, ubingwa Oktoba 1998, katikati alipigana mara 17, karibu kila mwezi na ushee yupo ulingoni. Sio kwamba walikuwa wanapewa vibonde tu, walikuwa wanapewa mtu mmoja mmoja wa somo lake na hawakaushwi bila pambano.

Kingine, Uingereza wana mabondia ambao kazi yao ni kupima vijana. Peter Buckley alimaliza 2008 na mapambano 300, kapoteza 256. Mtu akiona rekodi hiyo anasema kibonde, ila yule alikuwa anajua kujilinda, anamfanya kijana afanye kazi mpaka raundi ya mwisho, kesho kutwa yupo mzima anapigana na mwingine. Huku kwetu hatuna watu hao, tuna wanaoanza na tuna waliokomaa, katikati hakuna kitu. Ndo maana mnarudiana wale wale.

Mama_Likombe
Mimi ni muuguzi, na mtoto wangu wa kiume alicheza ridhaa, kwa hiyo naongea kama vyote viwili. Kaka naomba usitishwe na neno kupoteza. Kupoteza kwa pointi kijana anarudi nyumbani anakula anajifunza. Kupoteza kwa kupigwa mpaka kuzimia na mtu aliyemzidi uzito ni kitu kingine, ubongo umetikisika, na pigo la pili kabla ule haujapona linaweza kumuua au kumwacha mlemavu. Ndo maana nchi nyingi bondia akipigwa KO anafungiwa siku 30, 60, hata 90 asipande ulingoni wala kufanya sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzio) ya kichwa.

KonaNyekundu pole sana baba, wiki tano zile hazikutosha na hukupaswa kuruhusiwa. Kama bado kichwa kinauma asubuhi nenda ukapimwe, usinywe panadol ukanyamaza.

Na wewe mjomba, ukisikia dogo baada ya sparingi anasema anasikia mlio masikioni, au anasahau maneno, au anatapika, hapo hata pambano la raundi 4 hapana.

Mjomba_Chikongola
Asanteni sana wote, mmenifungua. Dada Mama_Likombe nimemsomea dada yangu hayo maneno kwa sauti.

Sasa nikikataa hili, nini kinafuata? Maana Masasi_Fighter nae kasema kweli, dogo alipigana mara ya mwisho mwezi wa tano. Anakimbia kila asubuhi Shangani mpaka Mikindani, anapiga begi, anarudi kulala. Atachoka. Na huku sina mtu wa kumpa.

KonaNyekundu_Lindi
Mjomba sikiliza, mimi ningefanya hivi. Kwanza mpigie promota, usimkatae kwa hasira, mwambie dogo yupo tayari kuja Dar, ila kilo 61, raundi 6, na taarifa ya wiki sita. Akikubali, mambo mazuri. Akikataa, umeshajua alikuwa anatafuta mwili wa kujaza ukumbi, na wewe umeacha mlango wazi. Na chochote mnachokubaliana kiwe kwenye mkataba, uzito, adhabu ya atakayezidi, idadi ya raundi, nani analipia malazi, hela inatolewa lini. Mkataba upite Kamisheni ya ngumi za kulipwa. Laki mbili ya simu usiipokee kabla ya hapo, ukishaila umeshakubali.

Pili, mpinzani anayefuata asiwe wa kupigwa raundi ya kwanza. Dogo kashajua kuangusha watu, hajui kuangushiwa kazi. Mtafutie mashoto. Mashoto anamvuruga kijana kuliko mtu mwenye mkono mzito, mguu wa mbele unagongana, jebu (ngumi ya mkono wa mbele) haifiki, inabidi afikiri. Mtafutie mtu mwenye rekodi ya hovyo hovyo ila hajawahi kupigwa KO, hao ndo walimu. Ukiingia BoxRec usiangalie ameshinda ngapi, angalia alimpiga nani, na huyo nani nae alimpiga nani, alipoteza kwa pointi au alizimwa, na lini amepigana mara ya mwisho. Mtu 10-0 ambaye wote aliowapiga hawajawahi kushinda ni sawa na 0-0. Na mtu 4-6 aliyepoteza kwa pointi kwa wazuri wa Dar na Morogoro anaweza akamtoa jasho mpwa wako mpaka akaomba maji.

Baada ya hapo raundi 6 na mtu mrefu, halafu raundi 6 na yule anayekuja mbele tu hataki kurudi nyuma. Hapo ndo uongelee 8.

Tatu, badala ya sisi kupeleka watoto Dar peke yao, tulete watu huku. Msimu wa korosho ukianza hela ipo Mtwara, Tandahimba, Newala, watu wanaingia ukumbini. Nauli ya basi ya mtu mmoja na kocha wake na gesti siku mbili haizidi gharama mnazozitoa kwa muziki na MC. Akipigana nyumbani, mizani ya kwenu, kelele za kwenu, na mpinzani kachoka basi ni yeye.

Mimi nina kijana hapa Lindi, mashoto, kilo 60, yupo 3-3, zote tatu alipoteza kwa pointi na mbili alinyimwa ushindi na majaji. Hajawahi kukaa chini.

Masasi_Fighter
Hilo la kuleta watu huku nakubali mia kwa mia. Hata mimi niko tayari, kilo 61, ukumbi wowote.

MpendaMasumbwi
Na dogo akipoteza kwa huyo mashoto msimtupe. Pacquiao alikuwa hajapoteza hata moja, Februari 1996 akaja kazidi uzito, wakamvalisha glovu nzito zaidi kama adhabu, mpinzani wake Torrecampo akamzima raundi ya tatu. Hopkins, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alipoteza pambano lake la kwanza kabisa, 1988. Rekodi ya sifuri inauza tiketi, haipigani.

Mjomba_Chikongola
Narudi kuwapa mrejesho. Nilimpigia jana saa nne asubuhi nikamwambia 61, raundi 6, wiki sita. Akasema mjomba unanichelewesha, akakata. Saa saba nikasikia kashapata mtu mwingine, kijana wa 4-0, simjui, Mungu amlinde.

Dogo alininunia. Hakula mchana, jioni akaenda mazoezini kama kawaida. Usiku akaja kukaa barazani, akaniuliza huyo mashoto wa Lindi anarusha nini, nikamwambia sijui, akachukua simu akaanza kutafuta video za mashoto, mpaka saa sita yupo pale pale.

KonaNyekundu nitumie namba yako pembeni. Jumamosi nakuja Lindi na basi la asubuhi nimwone kijana wako akifanya mazoezi, na wewe uje umwone wangu, tusidanganyane. Tukikubaliana raundi 6, ukumbi natafuta mimi, Masasi_Fighter nae tumtafutie mtu siku hiyo hiyo. Dada yangu kaniuliza kitu kimoja tu, lini. Nimemwambia baada ya mnada wa pili wa korosho.