Peugeot 404 ya marehemu baba: bima kubwa nitaipataje wakati gari nalitembelea?

MamaKibosho

Wakuu, habari za Jumapili. Poleni na joto.

Nina Peugeot 404 ya mwaka 1967, saluni, rangi ya maziwa, gia kwenye usukani. Ilikuwa ya marehemu baba. Aliinunua Moshi mwaka 1974 kwa mtu aliyekuwa anahama, wakati huo baba akiwa karani wa ushirika, na hadi anaingia kaburini alikuwa haambiliki kuhusu hilo gari. Ukimwambia limezeeka anakujibu kwamba Bert Shankland alikaa hapahapa Tanzania na akachukua mbio za magari za Safari Rally na 404 mwaka 1966, akarudia 1967, sasa wewe unamletea habari za gari gani.

Alipofariki likakaa juu ya matofali Kibosho miaka tisa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka 2021 nikalipandisha lori likaja Dar. Bodi na rangi milioni 4.2, injini 3.8, viti na dari 1.1, spea kutoka Ufaransa 2.9. Jumla milioni 12. Mume wangu anajua nane.

Naomba nieleweke: sikulitengeneza liwe pambo. Jumapili naenda nalo kanisani. Katikati ya wiki nikijisikia naenda nalo kazini. Kila Desemba tunapanda nalo nyumbani, Chalinze, Segera, Mombo, Same, mwendo wa themanini, vioo vyote chini, mabasi yanatupita yanatupigia honi.

Hadi leo nalikatia bima ndogo, ile ya 118,000, inayomlipa niliyemgonga tu. Mwezi uliopita pale Mwenge nimesimama kwenye foleni, bodaboda akanichubua nyuma kushoto. Wenye 404 wanaijua ile bodi, nyuma ina mapezi kama papa, na taa imekaa mwisho wa pezi. Pezi limebonyea ukubwa wa kiganja, lenzi ya taa ikasagika. Nilichuchumaa barabarani naokota vipande vyekundu nikavifunga kwenye leso, watu wananipigia honi. Yule dogo anatetemeka, bima yake iliisha tangu mwezi wa nne, mfukoni ana elfu saba. Nikamwambia nenda. Ningemfanya nini?

Ndipo nikasema sasa nikate bima kubwa, inayolipa na gari langu mwenyewe. Nimezunguka ofisi tatu:

Ya kwanza, binti kaingiza mwaka 1967, mfumo ukagoma. Kaingiza tena, ukagoma. Akaniuliza kama sina kadi nyingine ya gari.

Ya pili, wakasema thamani ya soko ni milioni tatu. Gari nimeliegesha mlangoni kwao, hakuna aliyenyanyuka kwenda kuliangalia.

Ya tatu walikubali milioni 15, ila kwa sharti liwe gari la maonyesho. Nikiliendesha kwenda kazini nikagongwa, hawalipi.

Kuna mtu humu ana gari la zamani, analiendesha, na ana bima kubwa inayoeleweka? Mlifanyaje? Na ile ya milioni tatu niichukue hivyohivyo kuliko kukosa?

Nawasilisha.

Chalii_wa_Tabata

Milioni 12 kwenye 404?? Mkuu si ungeongeza kidogo uvute Toyota IST, full AC, na bima wanakukatia dakika tano kwenye simu.

MamaKibosho

IST ninayo, mwanangu. Na mimi si mkuu, ni mama yako.

DalaliMstaafu

Mama, shikamoo kama unaizidi miaka 62, la sivyo tusalimiane tu. Nimefanya udalali wa bima miaka 27. Naandika kirefu kwa sababu hili swali nimeliona likiumiza watu.

Nianze na hiyo milioni tatu. Usiichukue. Watu wanadhani ukikatia thamani ndogo unapoteza tu pale gari likiteketea lote. Hapana. Mtathmini akija siku ya ajali akaona gari lina thamani ya milioni 15 na wewe umekatia tatu, anakuhesabu kwamba umejibebea mwenyewe sehemu nne kati ya tano za hatari. Pezi likigharimu laki tisa kunyoosha na kupaka rangi, unalipwa 180,000, na hapo bado hawajatoa kile kiwango cha kwanza cha hasara ambacho kila mwenye bima anakibeba mwenyewe.

Na wakiamua kwenda upande wa pili, yaani wakubali kweli gari ni la milioni tatu, ni balaa zaidi. Ugongwe kidogo tu, matengenezo yafike milioni mbili na nusu. Watasema hailipi kulitengeneza, gari limekufa. Wanakupa milioni tatu zako, na mabaki yanakuwa mali yao. Umenielewa? Wanaondoka na 404 ya baba yako ikiwa bado inawaka. Nimemwona mzee mmoja wa Upanga na Mercedes yake ya miaka ya sitini analia mbele ya breakdown.

Unachotakiwa kudai ni thamani mliyokubaliana, iandikwe kwenye mkataba kabla hujalipa. Si "thamani ya soko siku ya ajali". Maneno hayo mawili yanafanana mdomoni, kwenye fidia hayafanani kabisa. Halafu dai kifungu cha mabaki: gari likihesabiwa limekufa, wewe ndiye wa kwanza kuuziwa mabaki, kwa asilimia mtakayoiandika leo, si siku hiyo mkiwa mmenuniana.

Kuhusu kuliendesha: usidanganye. Ukisaini la maonyesho halafu ukapata ajali Jumatano saa mbili asubuhi pale Ubungo umevaa kitambulisho cha kazi, umejimaliza. Waambie kila kitu, kanisani, kazini, Moshi. Na hiyo IST uliyomjibu kijana kwa hasira, iweke kwenye barua ya maombi. Kampuni ya bima ikiona una gari jingine la kila siku inapumua, inajua 404 haitashinda barabarani.

Hesabu yenyewe haitishi. Kwa asilimia 3.5 milioni 15 inakuja 525,000, weka VAT 94,500, jumla 619,500.

Mfumo kugoma usikukatishe tamaa. Huyo binti wa kaunta hana mamlaka. Omba maombi yako yapelekwe kwa mwandishi wa bima wa makao makuu, yule anayeamua kukubali gari na bei yake, kwa maandishi, na picha.

MamaKibosho

Baba shikamoo, nina 51. Hilo la mabaki silijui kabisa, nimesoma mara tatu na mikono imeniishia nguvu. Hizo picha ziwe za namna gani?

FundiGerezani

Hapo nijibu mimi maana dalali atakwambia "picha nzuri" akaishia hapo.

Osha gari, lisimamishe kivulini asubuhi, jua likiwa kali rangi inadanganya. Pande nne, halafu kona nne. Namba ya chesisi na ya injini zisomeke. Chini ya gari, hasa pembeni mwa sakafu na chini ya milango, maana mtathmini anatafuta kutu na kutu bima hailipi. Dashibodi na mita ikiwa imewaka. Risiti zote, hata ile ya fundi viti iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari, piga picha. Kama una picha za lile gari likiwa juu ya matofali na kuku wako, ziweke pia, zinaonyesha kazi iliyofanyika.

Halafu kitu hawakisemi. Magari haya adui yake mkubwa ni moto kuliko bodaboda. Mpira wa petroli kutoka pampu kwenda kabureta ukikauka unapasuka taratibu, petroli inadondokea kwenye injini ya moto. Badilisha wote, usiangalie kama unaonekana mzima. Waya za zamani zile zenye kitambaa, zikague moja moja. Weka swichi ya kukata betri, bei yake ni ndogo. Na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mguu wako, si kwenye buti chini ya mizigo ya Krismasi. Ukiyaandika haya kwenye maombi yako wanakuheshimu.

Swali langu la kiroho: feni yako bado inajikata yenyewe injini ikipoa, au walishaifunga izunguke moja kwa moja?

MamaKibosho

Inajikata. Fundi wangu alitaka kuifunga nikamwambia ataniua kwanza.

FundiGerezani

Mungu akubariki.

Mwanapwani504

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina 504 pikapu iliyoungwa hapahapa Kenya, nabebea samaki na nabebea bibi harusi, siku tofauti inshallah. Huku nako makampuni mengi gari likishapita miaka 15 hawataki kusikia bima kubwa, wanakusukuma kwenye ya mtu wa tatu, hiyo mnayoiita ndogo. Kilichonisaidia ni barua ya mthamini anayejitegemea. Nilimlipa mimi mwenyewe, akalikagua gari, akaandika thamani na sababu. Barua ile nikaipeleka kampuni nne, mbili zikakubali kuzungumza.

Na kama wataka kuja siku moja Nairobi kwenye maonyesho ya magari pale uwanja wa farasi wa Ngong, usisahau kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, kabla hujafika mpakani. Lakini angalia, ile kadi yamlinda mtu utakayemgonga wewe huku Kenya. Bodi yako haiilindi. Muulize dalali wako kama bima yako kubwa yavuka Namanga au Holili, na waandike. Mimi nilikuja Tanga nikidhani nimekingwa, nikaja kusoma karatasi nikiwa nimesharudi.

Msukuma_Leicester

Nipo Uingereza, nina Morris Minor. Huku bima za magari ya kale ni biashara kubwa, na bei ni nafuu kuliko ya gari langu la kawaida. Siri yao ni maili. Unaahidi hutazidi kiasi fulani kwa mwaka, mfano maili 3,000, na gari lilale ndani. Huko kwetu hawana mpango huo kwa jina, lakini nani kakataza wewe uwapelekee? Waambie nitakwenda kilomita kadhaa kwa mwaka, kila nikihuisha bima nawaletea picha ya mita. Wakishapata namba ya kushika wanalegea.

Chalii_wa_Tabata

Mama samahani kwa ya IST. Tunaomba picha ya gari basi.

MamaKibosho

Umesamehewa. Picha baadaye.

Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu, maana sipendi watu wanaouliza wakapotea.

Nilikokotoa kilomita. Moshi kwenda na kurudi ni kama 1,100. Kanisani na kazini, nikijumlisha na vile vizunguko vya kununua mkate ambao nyumbani upo, kama 3,500. Nikaandika kikomo cha 6,000 kwa mwaka. Mita ya 404 ina tarakimu tano, na baba alikuwa akisema imeshazunguka mara mbili, kwa hiyo nikaweka picha na maelezo, wasije wakadhani gari lina kilomita elfu 31.

Ofisi ileile iliyosema maonyesho ndiyo iliyokubali, dalali alipowaandikia makao makuu. Wakamtuma mtathmini nyumbani. Kijana mpole, kaja na kidude cha kupima unene wa rangi, anakigusisha bodi nzima kama daktari. Kufika mlango wa nyuma kulia kikaonyesha namba ya ajabu. Akarudia. Akaniangalia. "Mama, huu mlango una puti nene." Fundi wangu aliniapia kwamba milango yote ni bati tupu, hakuna uliojazwa puti! Nimempigia simu, amezima.

Kwa ajili ya huo mlango wameshusha milioni moja. Tumekubaliana 14, imeandikwa. Nimelipa 578,200. Laki tatu za kwanza za kila hasara ni zangu. Mabaki nina haki ya kwanza kuyanunua. Kazini naruhusiwa, Moshi naruhusiwa, kuvuka mpaka hapana mpaka niombe. Mbio za aina yoyote hawalipi. Baba angenuna.

Pezi limenyooshwa, kwa pesa yangu. Kilichobaki ni lenzi ya taa ya nyuma kushoto. Nimefunika na plastiki nyekundu ya beseni, trafiki wa Ubungo ameshanisimamisha mara mbili. FundiGerezani, huna kweli?

FundiGerezani

Ninayo, mama. Mpya, kwenye boksi lake. Ya kulia.